Mkono kichwani

Juzi kitinda mimba wetu kanikuta nimejilaza kwenye kochi, mkono wa kulia uko juu ya kichwa, kasimama ananiangalia weee halafu akauliza, "Baba, mbona unakaa kama umefiwa?" Nikacheka, ila nikasema duh, haya maneno nilishawahi kuyasikia, tena usiku wa manane.

Ni ule mwaka niliokuwa nashinda na laptop kitandani. Maumivu yalianzia kwenye kombe la bega, nikajua tu nimelala vibaya. Nikapaka dawa ya kuchua mpaka shuka zikanuka, nikakandwa maji moto, rafiki yangu mmoja akataka aishike shingo aizungushe ilie "kaa!" nikakataa, kwa woga tu sio kwa akili. Baadaye ndo nikaja kujua kuna mishipa ya damu inapita ndani ya matundu ya pingili za shingo kwenda kwenye ubongo, na kule kuzungushwa kwa nguvu, ingawa ni mara chache sana, kunaweza kuuchana mmoja mtu akapata kiharusi. We acha tu.

Kilichonitisha ni ganzi. Kidole cha kati kikawa kama sio changu, na usiku nilikuwa sipati usingizi mpaka niweke mkono kichwani, mama watoto anaamka anashtuka, "Baba Imu, unamlilia nani saa hizi?" Na mimi sina jibu, najua tu mkono ukiwa juu napata nafuu.

Basi nikaenda kwa fizio, yule mtaalamu wa tiba ya viungo, nimejiandaa kabisa kuelezea bega. Hakunigusa. Akaniuliza, "Kaka, unalalaje?" Nikaona aibu, mtu mzima unaanzaje kuelezea, nikaamua nimuonyeshe tu, nikaweka mkono kichwani. Akatabasamu kama mtu aliyeona gari alilokuwa analisubiri. Akasema, "Shusha." Nikashusha, na maumivu yakaja taratibu, kombe la bega, nyuma ya mkono, kiwiko, mpaka kwenye kidole, kama maji yanajaa kwenye mpira. "Pandisha." Yakapungua. "Shusha tena." Yakarudi. Tumekaa pale mimi napandisha na kushusha mkono kama naongoza magari, hakuna anayeongea, na ndo kwanza nikaelewa kwamba wiki tatu zote mwili wangu ulikuwa unasema mahali penye shida na mimi nilikuwa napaka dawa kwingine.

"Bega lako halina shida kaka. Ni shingo."

Akanieleza kwamba shingo ina pingili 7 (twiga naye anazo 7 hizo hizo, hapo nilimbishia kidogo), na diski, kile kimto laini kinachokaa katikati ya pingili, iliyo kati ya ya 6 na ya 7 inaonekana imeubana mshipa wa fahamu unaoshuka mpaka kidole cha kati. Ukiinua mkono ule mshipa unalegea, ndo maana unapumua. Akaniinamisha kichwa upande unaouma akakikandamiza kidogo, nikapigwa na shoti mpaka nikaita mama yangu. Halafu maswali mfululizo: miguu inajikwaa? vifungo vya shati unafunga vizuri? mkojo unauzuia? una homa? umekonda bila sababu? Kote hapana. Akanipima nguvu ya kunyoosha kiwiko, akasema imepungua kidogo tu, ikizidi kupungua nirudi haraka na hapo ndo tutaongelea kupigwa picha ya MRI.

Nilitegemea ile kola ya shingoni, angalau watu wanionee huruma. Akakataa, eti misuli italala. Nikapewa dawa za maumivu za siku chache, laptop ipande ilingane na macho, mto uwe mnene wa kujaza nafasi ya kati ya bega na sikio, nisilalie tumbo, nitembee, na zoezi la kuvuta kidevu nyuma, ambalo ukilifanya mbele ya watoto heshima yote inaisha.

Wiki ya nane nikajikuta nimeamka mkono uko chini. Nikarudi kushukuru, akaniambia wengi wa namna yangu hupoa wenyewe kadiri muda unavyokwenda. Nikamuuliza, sasa dada yangu, nilivyovuta kidevu kama kuku wiki zote hizo ilikuwa ya nini? Akasema, "Ili usikae tu ukisubiri." Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa jibu au alinikwepa.

Mtoto bado kasimama ananisubiri. Nikashusha mkono, nikasikilizia mpaka kwenye kidole. Hamna kitu. Nikaurudisha juu.