Tarehe 20 nikiwa nyumbani: siku moja ya mhasibu wa Mbezi

Saa 11:00 alfajiri

Mwili haujapata taarifa kwamba utaratibu umebadilika. Bado unaamka saa ile ile niliyokuwa natoka kuwahi daladala ya Kimara, nikifika nisukumane kwenye mwendokasi mpaka Posta. Mvua ikiwa kubwa na Jangwani kumejaa maji, hiyo ni habari nyingine.

Siku hizi Jumanne na Ijumaa ndizo za ofisini, zilizobaki nafanyia kazi nyumbani. Tulianza hivi baada ya Januari 2025, ule mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati ulipofanyika hapa Dar na barabara za katikati ya jiji zikafungwa. Watumishi wa umma waliambiwa wafanyie kazi nyumbani, na bosi wetu, ingawa sisi ni kampuni binafsi, akaiga. Siku mbili zikapita, kazi zikaenda, naye akaanza kupiga hesabu za pango la ofisi.

Leo ni Alhamisi, tarehe 20. Wenzangu wahasibu mmeshaelewa: ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, ya mwezi uliopita lazima iingie leo.

Saa 1:30 asubuhi

Basi la shule limemchukua mwanangu. Navaa gauni la ofisini, navaa na viatu, namuaga mama mkwe: "Mama, naenda kazini." Natoka mlango wa mbele, nazunguka nyumba, naingia kwa mlango wa jikoni mpaka chumbani kwenye meza yangu.

Mtacheka, lakini nilifika hapo baada ya vituko vingi. Mama alikuja kutoka Muheza kutibiwa macho, na kwake kazi ni kutoka getini. Mtu aliyevaa kanga na kukaa mbele ya laptopu "yupo tu". Mwezi uliopita niko katikati ya kikao, mkurugenzi anauliza madeni ya wateja, mama akafungua mlango: "Mwanangu, wageni wamefika tangu saa ngapi, hutoki kuwaamkia?" Maiki ilikuwa wazi. Nikatoka, nikawapa shikamoo zao, nikarudi kikao kimeshaisha. Tangu nianze kuvaa viatu, hajanigongea hata mara moja. Wageni wakija huwaambia nipo kazini, na hasemi uongo.

Saa 3:00

Kikao kifupi. Jirani anachomelea mageti, kwa hiyo nazungumza pale tu mashine yake inaponyamaza.

Saa 4:00 hadi saa 7:00

Hizi saa tatu ndizo zinazonifanya nisitamani kurudi ofisini siku tano. Ofisini, kila baada ya dakika kumi kuna "dada, samahani, dakika moja tu". Hapa nimepitia risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za mwezi mzima, nimelinganisha manunuzi na mauzo, na sikuinua kichwa ila kunywa chai. Zamani kazi hii ilinila siku mbili.

Saa 7:15 mchana

Wali na kisamvu cha jana. Mama lishe wetu wa Posta aliniambia Jumanne kwamba siku tunazokaa nyumbani anapika nusu ya mchele. Kwenye zile hesabu za pango, yeye hakuwemo.

Saa 8:00

Kijana wetu mpya amenitumia jedwali lake. Kuna risiti tisa za manunuzi ambazo hazina TIN (namba ya mlipakodi) wala VRN (namba ya usajili wa VAT) yetu, naye ameziweka zote kwenye kodi ya kudai. Nikampigia. Kumbe alikuwa na wasiwasi nazo tangu jana, akaogopa kunisumbua kwa simu. "Nilijua uko bize, dada."

Hapa ndipo ninapoiona hasara ya kweli, kuliko hata mambo ya mtandao. Mimi sikufundishwa kazi hii kwa simu. Nilikaa pembeni ya mama mmoja mhasibu mkuu, nikamsikia akigombana na wauzaji kuhusu risiti, nikachukua kila neno. Kijana huyu ana chumba chake na vikao vya mtandaoni, basi. Ofisini ningeuona uso wake tu na tungemaliza kwa dakika mbili. Leo tumetumia arobaini.

Saa 10:10 alasiri

Feni imesimama. Nilidhani umeme umekatika, kumbe LUKU imeisha. Dada wa kazi alipiga pasi asubuhi, mita ikalia, na mimi nilikuwa nimevaa visikilizi. Betri ya laptopu ina asilimia 18, ritani haijaenda. Nikajaribu kununua uniti kwa app ya simu, nikasubiri ujumbe, haukufika. Hapo ndipo nikaona bando nalo limekata. Nikaomba simu ya dada, nikanunulia huko, nikapanda stuli kubonyeza tarakimu 20 moja moja. Nikakosea. Nikarudia.

Ofisini jenereta hujiwasha na hakuna anayegeuka kutazama. Sisemi ofisini hakuna matatizo: Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, tulikaa Posta tukitazamana mchana kutwa. Ila siku ile gharama ilikuwa ya kampuni. Hii ya leo ni yangu.

Nilishaomba posho ya bando na umeme. Nikajibiwa: "Si mnaokoa nauli?" Basi nikafanya ninachokijua, nikachora jedwali. Kwa mwezi, siku 13 za nyumbani zinaniokolea shilingi 52,000 za nauli. Bando la ziada na umeme vinakula 55,000. Faida yangu ni muda: saa nne za barabarani mara siku 13, saa 52. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Yaani kila mwezi barabara ilikuwa inanichukulia zaidi ya wiki nzima ya kazi, bure. Jedwali nimempelekea bosi, bado "analipitia".

Saa 11:20 jioni

Ritani imekwenda. Nimepata namba ya malipo, nimeituma kwa aliyebaki kusaini benki. Navua viatu.

Saa 12:30

Tunakula mihogo na mwanangu uani, bado kuna mwanga. Kabla ya utaratibu huu nilikuwa namkuta amelala.

Saa 3:00 usiku

Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa bosi: "Kwa kuwa uko nyumbani, naomba ile taarifa ya benki usiku huu."

Nimeusoma mara mbili. Mama mkwe anaona niko nyumbani kwa hiyo sina kazi, na bosi anaona niko nyumbani kwa hiyo kazi haijaisha. Sijajibu. Taarifa ya benki haikimbii, ataikuta mezani asubuhi.

Natega alamu ya saa 10:30. Mama ananiona napiga pasi shati.

"Kesho unaenda kazini?"

"Ndiyo, mama."

"Ile ya kupanda gari?"