Fataki ilipochelewa

Julai asubuhi Arusha kuna baridi ya kuuma vidole. Tulikuwa uwanja wa shabaha nje ya mji, mgeni wangu kutoka Marekani akipima bunduki yake ya .375 H&H kabla hatujaingia porini. Risasi alikuwa amezijaza mwenyewe kwao. Akavuta kifyatulio: ta! Kimya. Kufumba na kufumbua, ikalipuka. Namshukuru Mungu mtutu ulikuwa bado unatazama shabaha.

Nikamuuliza, mzee, umebadilisha nini? Akajibu: baruti ile ile, kipimo kile kile. Fataki tu, kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti: alikosa za magnum, zile kali, akatia za kawaida. Sasa ganda la .375 hubeba baruti nyingi, na yake ilikuwa ya kuungua polepole. Fataki ya magnum hutoa moto mkali zaidi na wa muda mrefu kidogo. Ya kawaida inaweza kuiwasha baruti hiyo kwa kusuasua, hasa kwenye baridi. Hata karatasi ya shabaha ilisema: matundu yametawanyika juu na chini, kila risasi na kasi yake.

Ila msikimbilie kutia kali kila mahali! Ukibadili fataki, hata chapa tu, presha ndani ya bunduki inaweza kupanda. Unashusha kipimo cha baruti kwanza, unapanda upya kidogo kidogo.

Nikapitisha kidole kwenye vitako vya zilizobaki. Fataki mbili zilikuwa zimechomoza, hazikukaa hadi chini. Hizo nazo hupunguza nguvu ya pigo la pini, ile inayogonga fataki.

Nyati tulimfuata na risasi za kiwandani.