Nilivyojifunza kuficha dalili mbele ya macho ya msomaji

Kilichonipa kazi kubwa nilipoandika riwaya yangu ya upelelezi hakikuwa kumbuni muuaji. Muuaji nilikuwa naye kichwani tangu mwanzo, pamoja na sababu yake na usiku wake. Kazi ilikuwa kumpa msomaji ushahidi wote, tena mapema, na bado akaribie mwisho akiwa anasitasita kati ya watu watatu. Nimefika hapo baada ya rasimu nyingi, nami naeleza njia niliyopita kwa kuwa naamini ndimo ulimo uzuri wa riwaya za aina hii.

Sharti lenyewe ni la zamani. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliandika amri 10 za fani hii. Baadhi zimepitwa na wakati, lakini mbili nazishika mpaka leo: mpelelezi asiokote dalili ambayo msomaji hajaonyeshwa, na asiokolewe na bahati. Mwaka uliofuata, 1930, waandishi wa riwaya za upelelezi waliunda chama chao huko London, Detection Club, na mwanachama alikula kiapo kwamba wapelelezi wake watafumbua mafumbo kwa akili zao, si kwa ufunuo wala sadfa. Nawapenda kwa kulichukulia jambo hili kwa uzito huo. Msomaji anayekesha na kitabu chako anakubali kushindwa, ila anataka ashindwe kwa haki.

Nikaanza kwa kurudia kusoma. Nilichukua The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, riwaya ya mwaka 1926 ambayo mwisho wake ulizua ubishi mkubwa ilipotoka, nikaipitia upya nikiwa na penseli. Siri yake siitaji, maana asiyeisoma bado ana raha inayomngoja. Nilichokiona ni kwamba sentensi zilizonipoteza zilikuwa za kweli. Zilisema kilichotokea, zikaacha nafasi ndogo katikati, na nafasi hiyo niliijaza mwenyewe bila kujua. Tangu hapo nikajua ninachokitaka: riwaya yangu iweze kurudiwa namna hiyo, na anayeirudia asinikute nimesema uongo.

Kwa hiyo sikuanza na sura ya kwanza. Riwaya ya upelelezi ina visa viwili, kile kilichotokea na kile cha namna kilivyogunduliwa. Msomaji anasimuliwa cha pili, na cha kwanza anakiokota vipande vipande. Niliandika cha kwanza peke yake katika daftari, saa kwa saa: nani alikuwa chumba gani, taa ipi ilikuwa inawaka, nani alimpita nani ngazini. Daftari hilo halikuandikwa lisomwe na mtu. Liliandikwa ili kila nilipotaka kumhamisha mtu kwa kuwa sura ilihitaji hivyo, nijue nani mwingine lazima ahame naye.

Kisa kinatokea katika nyumba ya wageni. Mwenye nyumba anakutwa amekufa alfajiri, na mgeni wa chumba namba 6 anasema hakutoka chumbani usiku kucha. Anadanganya, na msomaji anaweza kumnasa kwa mambo matatu. Katika sura ya kwanza mwenye nyumba anamwomba radhi: chumba hicho kiko juu ya jiko na vyote viwili viko kwenye laini moja ya umeme, hivyo taa hufifia mpishi akiwasha oveni. Katika sura ya tatu, asubuhi ya msiba, mpishi anagombana mlangoni na muuza nyama kwa sababu nyama ya jana imeharibika ndani ya friji. Katika sura ya sita mgeni anamlalamikia mpelelezi kwamba kelele za feni zilimnyima usingizi hadi kunakucha. Ikiwa friji ilizima usiku, laini ile haikuwa na umeme, na feni haikuzunguka. Kelele hizo alizisikia akiwa wapi?

Nilikuwa nimeisoma hadithi ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1892, ambamo Sherlock Holmes anajenga hoja yake juu ya mbwa ambaye hakubweka. Feni yangu inadaiwa shukrani na mbwa huyo. Kitu ambacho hakikutokea ni dalili tamu kuliko zote, kwa sababu jicho halina pa kukikamata.

Kutenganisha vipande hivyo kwa sura kadhaa kulisaidia, ila kilichosaidia zaidi ni kukipa kila kipande kazi nyingine pale kilipo. Ombi la radhi linamfanya msomaji ampende mwenye nyumba kabla hajafa. Ugomvi wa nyama unamtia doa mpishi, maana anapayuka kupita kiasi kwa nyama ya siku moja. Macho yanabaki kwake, hayaendi kwenye friji. Lalamiko la feni linakuja mara tu kabla mgeni hajataja deni alilokuwa akidaiwa na marehemu, na deni ndilo msomaji analoondoka nalo.

Mpishi naye ana siri. Huoka mikate yake ya kuuza usiku, kwa umeme wa watu, na ni yeye aliyeunguza fyuzi akaibadilisha kimyakimya kulipopambazuka. Anamlaumu muuza nyama ili asifukuzwe kazi. Uongo wake mdogo ndio unaoufunika uongo mkubwa. Naona riwaya nyingi zinalegea hapa: washukiwa wanaficha mambo kwa vile tu mwandishi anahitaji washukiwa. Mtu hudanganya kwa ajili ya kazi yake, ndoa yake, aibu yake. Nilimwandikia kila mshukiwa jambo analolinda, hata asiyezungumza zaidi ya mara moja, na mahojiano yakapata uhai ambao sikuupata kwa kuongeza damu.

Kiswahili chenyewe kilinipa msaada ambao nauthamini sana. Mtumishi wa usafi anasema, “Nilimwona akishuka ngazi, akasimama, akarudi juu.” Ni mwanamume au mwanamke? Sentensi haisemi, na hakuna anayehisi kwamba kuna kitu kimefichwa. Niliitumia nafasi hiyo pahali pamoja tu; ukiizoesha, msomaji ataanza kuhesabu kila kiambishi.

Mpelelezi sikumpa vipaji vya ajabu. Nilimpa subira, na mwenzake wa kuuliza maswali ambayo msomaji angependa kuuliza, kama Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alivyo na Najum.

Mswada ulipokamilika niliwapa watu ninaoamini usomaji wao, bila sura mbili za mwisho, nikawaomba waniandikie jina la muuaji na sababu. Wengi walimtaja mpishi. Wengine walimtaja mdogo wake marehemu. Mmoja aliandika kwamba ni wa chumba namba 6, na chini yake: nyama, oveni, feni. Nilifurahi kwa jibu hilo kuliko mengine yote, kwa kuwa fumbo lisiloweza kufumbuliwa na yeyote ni hila tu. Waliokosa niliwapelekea sura zilizobaki, na walipofika pale mpelelezi anapomuuliza mgeni kuhusu feni, baadhi yao walisimama wakarudi sura ya tatu kuusoma tena ugomvi wa mlangoni kabla ya kuendelea.

Sasa nina kisa kingine. Daftari la saa kwa saa limeshajaa. Kilichobaki ni kuitafutia kila dalili kazi yake ya pili.