Jina litakaloonekana si lako

Leo Alhamisi, na bado naisikia sauti ya Jumapili. Mama ametoka hospitali, mkataba wangu umeongezwa mwaka, Dada kahamisha watoto shule. Yote hayo yamepita. Kilichobaki ni sentensi moja ya Shemeji, aliyoisema huku akimenya chungwa, bila hata kuniangalia.

"Shem, jina litakaloonekana si lako."

Nilikuwa namwambia kwa mara ya nne tangu Ramadhani aitoe hadharani ile demo ya mvua, kionjo kifupi cha injini ya michezo ya kompyuta anayoijenga. Mnaijua, niliiandika hapa: uchochoro, mabati, maji yanashuka kwenye mfereji na kujitafutia njia, na hakuna tone hata moja lililochorwa kwa mkono. Miaka minne ya kuijenga injini peke yake, usiku baada ya kazi, na tulioiona hatufiki kumi.

"Haijawa tayari," akasema.

"Itakuwa tayari lini?"

"Ikiwa tayari mtaambiwa."

"Demo si mchezo, Shemeji. Hakuna atakayedai mwisho wa hadithi."

Ndipo likaja hilo la jina. Dada akaingia na chai, tukaanza kuzungumzia ada.

Jumatatu nzima nilimjibu kimoyomoyo. Nilimjibu kwa qtest: Februari 24, 1996, id Software waliwapa watu kionjo cha mchezo wao wa Quake chenye ramani tatu za kupigana wachezaji kwa wachezaji, bila madubwana, karibu miezi minne kabla ya Quake yenyewe kutoka. Nikamjibu kwa .kkrieger, mchezo wa kundi la Farbrausch, ulioingia mashindano ya michezo isiyozidi kilobaiti 96 kule Ujerumani mwaka 2004. Ilitoka kama toleo la majaribio na haikukamilishwa kamwe, ila watengenezaji wanaisoma hadi leo. Jibu nililolipenda zaidi lilikuwa la Epic, kampuni ya injini ya Unreal, na demo zao mbili. Samaritan ilionyeshwa 2011 ikiendeshwa kwa kadi tatu za picha za GTX 580, na umma haukuwahi kupewa, imebaki video. Infiltrator ilionyeshwa 2013, na 2015 ikatolewa na vitu vyake vyote, yeyote akaweza kuifungua na kuona taa imewekwaje. Video huishia kusifiwa. Kitu ulichopewa mkononi unakifumua, unajifunza.

Niliyaandika yote kwenye ujumbe mrefu. Sikuutuma, kwa sababu kila nilipousoma niliona haumjibu. Yeye hakuuliza kama demo zina faida. Alisema jina.

Jumanne usiku, Mama ameshalala, nilichukua nakala ya demo aliyonipa Shemeji mwezi wa kwanza nikaiweka kwenye laptopu ya zamani ya Dada, yenye kadi ndogo ya picha ya Intel UHD 620, RAM GB 8 na Windows safi isiyo na kifaa chochote cha mwandishi wa programu. Likafunguka dirisha jeusi, likajifunga. Hakuna neno, hakuna onyo.

Nilijaribu mara tatu. Halafu hasira yote ya siku mbili ikanitoka, nikabaki nimeshika kichwa. Laiti angenisikiliza ile mara ya kwanza, watu mia wangeona weusi uleule, na chini yake jina lake.

Nikaanza kufanya ninachofanya kazini kila siku. Kosa la kwanza: programu inapoanza inaiomba Vulkan, njia yake ya kuzungumza na kadi ya picha, iwashe laya ya ukaguzi inayomwonyesha mwandishi makosa yake, VK_LAYER_KHRONOS_validation. Laya hiyo huja na SDK, yaani furushi la vifaa vya waandishi wa programu, kwa hiyo kwenye mashine yake ipo, kwenye mashine ya mtu wa kawaida haipo, na vkCreateInstance, amri ya kuianzisha Vulkan, inakataa palepale. Dawa ni kuiwasha kwenye toleo lake mwenyewe la kutafutia makosa tu, na hata huko kuuliza kwanza kama ipo.

Niliweka SDK ili nivuke mlango huo, nikakuta wa pili: sheda, programu ndogo zinazoiambia kadi ichore nini, zinasomwa kwa anwani kamili inayoanzia C:\Users na jina lake. Inatakiwa ianzie pale faili la programu lilipo. Nikatengeneza folda yenye anwani ileile, nikavuka.

Mlango wa tatu ndio ulionifundisha. Kabla ya picha ya kwanza, demo inalowesha uchochoro: hatua 600 za kukokotoa maji, juu ya gridi ya vijisanduku 2048 kwa 2048, zote zinatumwa kwa mkupuo mmoja. Kadi yake kubwa inazimaliza kabla hujapepesa. Kwenye UHD 620 zinachukua sekunde kadhaa, na Windows kwa kawaida huipa kadi ya picha sekunde 2 tu kwa kazi moja. Zikipita, mfumo unahesabu kadi imeganda, unamwanzisha upya dereva, programu inayoiendesha kadi, na demo inabaki na kosa la VK_ERROR_DEVICE_LOST, yaani kadi imepotea. Hesabu yake ya maji ni sahihi kabisa. Inabidi tu aikate: hatua 20 kwa kila mkupuo, na mstari wa maendeleo kwenye skrini ili mtu ajue kuna kinachoendelea. Mashine dhaifu ipewe gridi ya 1024.

Saa nane usiku nilimwandikia. Sikumtajia Quake wala Epic. Nilimwandikia hayo matatu, kisha haya. Teksha 38, zile picha za kufunika kuta na mabati, za pikseli 4096 kwa 4096 hazijabanwa, kila moja ni MB 64, jumla zaidi ya GB 2.3, nani atatoa bando lake kwa kitu asichokijua? Kwa mbano wa BC7 kila moja inashuka hadi MB 16, na ukiipunguza iwe 2048 inakuwa MB 4, uongeze theluthi ya mipmapu, zile nakala ndogo za kutazamwa kwa mbali. Zile tatu za matofali ulizonunua, leseni inaruhusu ziwe ndani ya kazi yako lakini si kugawa faili zake, nawe umeziacha kama PNG kwenye folda. Badilisha kwa za CC0, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzigawa, tovuti za Poly Haven na ambientCG wanazo. Usichukue kadi ya kwanza kwenye orodha ya Vulkan, kwa sababu laptopu zenye kadi mbili zinaweza kukupa ile ndogo. Ifunguke kwa dirisha la 1280 kwa 720, na Esc itoke. Ikifa, iache faili lenye jina la kadi, toleo la dereva na hatua ya mwisho iliyofikiwa, maana bila hilo utakachoambiwa ni "haifanyi kazi" tu. Namba ya toleo iwe pembeni mwa skrini. Na wape watu watano kwanza, kila mmoja na kadi tofauti, kabla ya kuiweka hadharani.

Mwisho nikaongeza: Shemeji, sitakuomba tena uitoe. Jina ni lako, na nilikuwa nalichezea.

Jana mchana akajibu neno moja kuhusu laya: "Umejuaje?" Sijawahi kuulizwa swali na Shemeji kuhusu injini ile. Nilikaa na simu mkononi kama nimepewa zawadi.

Saa nne usiku likaja faili. MB 268. Chini yake: "Jaribu kwenye ile ya Dada."

Nimejaribu. Mstari ulitembea sekunde tano hivi, halafu mvua ikanyesha kwenye laptopu ya Dada, fremu 22 kwa sekunde, maji yakapinda kwenye kona ya mfereji kama alivyokusudia. Bado kuna sheda inayokwama mara ya kwanza ukigeuka kushoto. Nimemwandikia azitayarishe sheda zote wakati wa kupakia. Amesema Jumamosi nimletee majina ya watu watano. Nimeshapata wanne, natafuta mwenye kadi ya AMD.

Mama hajala tangu asubuhi. Anasema kila kitu kichungu mdomoni, hata maji, na zile dawa nyeupe anazificha chini ya mto.