Kigogo ndani ya tangi la samaki: pima KH, usipime rangi

Siku ya tatu baada ya kutia kigogo, maji yanaanza kufanana na chai ya rangi, na wengi hukimbilia kuyamwaga yote. Tafadhali usiyamwage. Hiyo ni tanini, ile ile iliyomo kwenye majani ya chai, pamoja na asidi za humiki zinazotoka taratibu ndani ya mti. Samaki hawadhuriki nayo.

Cha kuangalia ni KH, yaani kiasi cha kabonati majini, kwa kuwa kabonati ndiyo inayomeza asidi. KH ikiwa digrii 6 au zaidi, kigogo kinaweza kukaa miezi na pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) isitikisike, hata kama maji ni kahawia. KH ikiwa 2 au chini, kigogo hicho hicho kinaweza kuivuta pH kutoka 7 hadi karibu na 6, na kila namba moja ya pH ni tofauti ya asidi mara 10.

Hapo ndipo penye hatari halisi. pH ikienda chini ya 6, bakteria wa kwenye filta huzorota na taka ya samaki, yaani amonia, huanza kurundikana. Huoni dalili, kwa sababu kwenye maji ya asidi amonia karibu yote hukaa kama amoniamu, ambayo sumu yake ni ndogo. Kisha unabadilisha nusu ya tangi kwa maji mapya ya pH 8: amoniamu inageuka amonia, na samaki waliokuwa wazima asubuhi wanatweta juu ya maji jioni. Tangi lililofika huko libadilishe maji asilimia 10 tu kwa siku, huku ukipima amonia kila mara.

Ni heri kukijua kigogo kabla hakijaingia. Kisugue kwa brashi ngumu na maji matupu. Sabuni na klorini hapana, maana mti hunywa kila unachoupaka. Kichemshe saa 1 hadi 2; joto hukamua tanini na kutoa hewa, kwa hiyo huzama mapema. Kisichoingia kwenye sufuria kiloweke wiki 1 hadi 2, ukibadilisha maji kila baada ya siku moja au mbili. Kikiendelea kuelea, kikaze kwenye bamba la jiwe kwa skrubu ya chuma kisichoshika kutu.

Baada ya hapo kiweke wiki nzima kwenye ndoo ya maji unayotumia tangini, bila kuyabadilisha, na pembeni weka ndoo nyingine ya maji hayo hayo isiyo na mti. Pima pH na KH za zote mbili. Ndoo ya pili ni ya lazima: maji ya bomba yakikaa wazi pH yake husogea yenyewe kadiri kaboni dayoksaidi inavyotoka, na ungemsingizia kigogo.

Mti wenye utomvu, kama msonobari, uache. Wa ufukweni una chumvi, uloweke wiki kadhaa zaidi. Ukiubonyeza kwa ukucha ukazama kama sifongo, umeoza.

Wiki za mwanzo hutokea ute mweupe, laini kama pamba iliyolowa. Ni kuvu na bakteria wanaokula sukari ya mti. Konokono na uduvi huupenda, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2 hadi 4. Ukizidi kwenye tangi dogo hupunguza oksijeni, basi toa kigogo, kisugue, kirudishe. Ila kikinuka yai viza, kitoe kabisa, usikirudishe.

Rangi ikikukera, mkaa amilifu kwenye filta huiondoa, ukiubadilisha kila wiki 3 au 4 kwa kuwa hujaa. Binafsi ningeiacha, isipokuwa pale penye mimea inayotaka mwanga mkali: maji ya kahawia huipunguzia mwanga ile iliyo chini kabisa.