Siku moja maishani mwangu: naandaa picha za watu kwa ajili ya kuchapwa

Saa 1:30 asubuhi

Naanza kwa kuwasha skrini, halafu naiacha. Inataka kama nusu saa ipate joto ndipo rangi zake zitulie. Wakati huo nachapa ukurasa wa mistari myembamba ili kukagua matundu ya wino. Leo mistari ya sayani, yaani wino wa buluu-kijani, imekatika mahali pawili, maana yake kuna matundu yameziba. Nasafisha kichwa cha printa, nachapa tena, mistari yote ipo. Usafishaji hula wino mwingi, kwa hiyo siufanyi kwa mazoea. Kipimo cha unyevu ukutani kinasoma asilimia 48, pazuri kabisa. Hewa ikikauka mno wino huganda kwenye matundu, na karatasi hujikunja kingo hadi kichwa cha printa kikaikwaruza.

Saa 2:15

Naweka kipimarangi juu ya kioo cha skrini. Mwangaza naushusha hadi kandela 90 kwa mita ya mraba. Ukitoka skrini ya kawaida utaiona yangu imefifia, na hapo ndipo lilipo chimbuko la lalamiko ninalolisikia kuliko yote: "Picha imetoka nyeusi." Mpiga picha aliihariri kwenye kioo kilichofunguliwa mwanga wote, akaona sehemu za giza zinasomeka, akaridhika. Kioo kinatoa mwanga wake chenyewe; karatasi inaazima mwanga wa chumba. Tukishaelewana hapo, nusu ya ugomvi imekwisha.

Saa 3

Faili zinaingia. Kila moja nainakili kabla ya kuigusa, na ile ya asili haifunguliwi tena. Kisha naangalia kama ina profaili, yaani maelezo yanayoiambia kompyuta nambari za rangi zisomwe vipi. Nyingi huja na sRGB, profaili ya kawaida ya skrini, ambayo ipo tangu 1996. Wanaojali zaidi huleta profaili ya Adobe RGB ya 1998, ambayo inabeba kijani na sayani nyingi zaidi. Faili isiyo na profaili kabisa siikisii, namuuliza mwenyewe. Leo moja imekuja kwa programu ya kutumiana ujumbe, imeshabanwa hadi nywele zimekuwa tope. Naomba TIFF ya biti 16, aina ya faili inayotunza picha bila kuibana, kisha naendelea na faili nyingine.

Saa 4

Mpiga picha anayeandaa maonyesho anataka picha ya upana wa sentimita 84. Faili yake ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukipiga hesabu unapata takriban pikseli 181 kwa kila inchi, naye ana wasiwasi kwa sababu amesikia ni lazima zifike 300. Watu wameishika hiyo 300 kama amri. Ni kipimo kizuri kwa picha unayoishika mkononi. Picha ya ukutani inatazamwa kutoka mita moja na nusu, na kwa umbali huo jicho halioni tofauti. Ninachokiogopa zaidi ni picha iliyonolewa (kingo zake zimekazwa zionekane kali) kupita kiasi, ambayo kila ukingo una mstari mweupe. Kunoa nakuacha mwisho, baada ya kufika ukubwa kamili, na kiasi chake kinategemea karatasi.

Saa 5

Hii ndiyo picha iliyonila siku. Mzee amevaa koti jeusi, nyuma yake ukuta mweusi, na uzuri wote umo kwenye mikunjo ya koti. Mteja anataka karatasi ya pamba isiyong'aa. Karatasi hiyo ina mguso mzuri, lakini weusi wake haufiki kina cha karatasi ya barita, ile yenye mng'ao kiasi. Nawasha onyesho la majaribio, skrini inaiga karatasi kwa kutumia profaili yake, na mikunjo inapotea yote. Koti limekuwa doa moja. Nainua kidogo sehemu za giza peke yake, uso nauacha ulivyo. Kisha nampigia mwenye picha, kwa sababu kazi yangu ni kuiandaa, uamuzi ni wake.

"Kaka, usije ukanigeuzia koti likawa la kijivu."

"Halitakuwa kijivu, dada. Nitakuchapia vipande viwili vidogo, kimoja cha pamba na kimoja cha barita, uchague mwenyewe."

Saa 7 mchana

Vipande vimetoka. Siviamini vikiwa vibichi. Weusi hubadilika kidogo wino ukikauka. Baadaye navitazama chini ya taa ya Kelvini 5000, yenye mwanga mweupe unaokaribia wa mchana, kisha karibu na dirisha. Kwenye pamba mikunjo mitatu ya begani inasomeka, ule wa chini ya kola haupo. Kwenye barita ipo yote.

Saa 9 alasiri

Nachapa picha kubwa ya maonyesho. Kabla ya kuingiza karatasi ya pamba naipiga brashi laini taratibu, nikiwa na glavu. Nyuzi ndogo za pamba hulala juu yake bila kuonekana. Wino unaangukia juu ya uzi, kesho yake uzi unadondoka, na katikati ya anga jeusi kunabaki nukta nyeupe. Hiyo haisahihishiki kwa kompyuta.

Saa 10:30 jioni

Mteja mwingine ameshabadilisha faili zake kuwa CMYK, yaani rangi za wino nne za uchapaji, "ili kunirahisishia". Kwa kitabu kinachochapwa kwa mashine kubwa za ofseti ni jambo la kuzungumza na mchapishaji wake. Kwa printa yangu ya wino, ameshazipunguzia rangi bure. Naomba faili za RGB, yaani za rangi nyekundu, kijani na buluu, kama zilivyotoka kwenye kamera.

Saa 11:30

Nahifadhi kazi: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Pembeni ya kila faili naandika jina la karatasi, profaili, na mipangilio ya printa, kwa sababu akirudi baada ya miaka miwili kutaka nakala ya pili, atataka ifanane na ya kwanza. Ujumbe unaingia kutoka kwa dada wa koti: nimemtumia picha za vile vipande, lakini hataki kuamua kwa simu, atakuja kesho kuviona kwa macho. Navitia kwenye bahasha isiyo na asidi na kuandika juu yake ni kipi cha barita.