Ampuli ya Pili

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, zamu ya usiku, wodi ya watoto wachanga. Mtoto alikuwa na siku nne, kilo 3.2, ana homa na hataki kunyonya. Kwenye faili daktari alikuwa ameandika jentamaisini, sindano ya kuua bakteria, miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Dozi ya saa tisa usiku ilikuwa yangu.

Hesabu yenyewe ni fupi. 5 mara 3.2 ni miligramu 16. Ampuli, vile vichupa vya kioo vya dawa ya sindano, tulizokuwa nazo ni za miligramu 80 ndani ya mililita 2. Nikachana kipande cha boksi la glavu, nikaandika 16 gawanya kwa 80, zidisha kwa 2. Kichwani ile sifuri ya 80 nikaiacha njiani: 16 kwa 8 ni 2, mara 2 ni 4. Mililita 4. Namba ilitoka nzima, haina nukta, nikaiamini palepale. Mtu mwenye usingizi hupenda namba nzima.

Nikavunja ampuli, nikavuta mililita zote 2 kwenye bomba la mililita 5. Nikachukua ya pili. Sista inchaji alikuwa ng'ambo ya meza anajaza ripoti. Akaweka kalamu chini, akaushika mkono wangu.

"Mwanangu, hiyo ya pili ya nani?"

"Ya huyu huyu, sista."

"Huyu wa kilo tatu? Ampuli moja ina miligramu ngapi?"

"Themanini."

"Na wewe unatafuta ngapi?"

"Kumi na sita."

Akanyamaza, akaniacha nijisikilize. Jasho lilinitoka mgongoni. Mililita 4 ni miligramu 160, dozi mara kumi. Jentamaisini ikizidi huumiza figo, huumiza na masikio. Mtoto anaweza kupona homa yake akaishi bila kuisikia sauti ya mama yake. Hilo nililijua. Nilikuwa nimeliandika kwenye mtihani nikapata maksi zote.

Sista akanipa karatasi safi. "Andika upya. Kila namba na kipimo chake."

Nikamkumbuka mwalimu wangu wa kemia wa kidato cha tatu. Siku hiyo tulikuwa na bureti, mrija wa kioo wa kupimia kimiminika, tunatafuta ukolezi wa asidi ya haidrokloriki kwa sodiamu kaboneti. Mlinganyo sikuusawazisha: niliweka HCl, yaani asidi hiyo, moja mahali pa mbili. Kila hatua iliyofuata niliikokotoa sawasawa, na jibu likatoka nusu ya ukolezi wa kweli. Mwalimu hakupiga kosa akapita. Alipiga mstari chini ya namba yangu ya mwanzo kabisa, akaandika: "Moli za nini?" Moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali. Wakati ule niliona ananionea, maana hesabu zangu zilikuwa safi. Na kweli zilikuwa safi, ila hazikuwa za asidi ile iliyokuwa mezani.

Nikaandika. Miligramu 16 gawanya kwa miligramu 80: miligramu zinakatana, inabaki sehemu moja ya tano ya ampuli. Moja ya tano ya mililita 2 ni mililita 0.4. Ningeanza na swali hilo tu, ampuli nzima au kipande chake, mkono wangu usingeigusa ya pili.

Mama wa mtoto alikuwa ameamka, anatuangalia. "Tayari, daktari?"

"Bado, mama. Narudia hesabu."

"Rudia tu, baba. Mimi nipo."

Sista akasoma karatasi, akaikokotoa mwenyewe pembeni, akasaini. Dawa niliyoivuta mwanzo tuliimwaga. Tukavunja ile ampuli ya pili, nikachukua bomba la mililita 1, nikavuta taratibu hadi 0.4. Mama akaushika mguu wa mwanawe. Nilipomaliza nikarudi mezani, nikainua ampuli kwenye taa: dawa ilikuwa bado nyingi, karibu kama haijaguswa.